CHEMBA ZA ZEGE ZA MABOMBA YA CHINI YA ARDHI: MAZUNGUMZO KWA WATUMISHI NA WAKAAZI





Kitu kilichofukiwa husahauliwa upesi. Bomba la maji machafu likishafunikwa kwa udongo, mpita njia haoni tena ila kifuniko, na hicho nacho hukitambua siku kinapokosekana. Mazungumzo haya yanahusu kilichoko chini ya kifuniko hicho, yaani chemba, na khasa chemba ya zege inayotengenezwa karakanani na kuletwa shimoni ikiwa tayari.

Chemba ni mlango wa bomba. Huwekwa pale bomba linapopinda, linapobadilisha mteremko au ukubwa, na pale mabomba mawili yanapokutana. Hata bomba lililonyooka huwekewa chemba kila baada ya masafa, aghalabu yasiyozidi mita 90, ili fundi apate pa kuingizia fito za kuzibulia. Bomba lisilo na chemba likiziba hakuna njia ila kuichimba barabara upya.

Kwa miaka mingi chemba zimejengwa kwa matofali ndani ya shimo lenyewe. Waashi wenye ujuzi hujenga chemba nzuri kwa njia hiyo, wala haifai kuwadharau. Lakini shimo lina desturi zake: maji huchuruzika kutoka pembeni, mwanga hupungua, na plasta hupigwa juu ya ukuta ulioloa. Baada ya miaka michache plasta hubambuka, na hapo uvujaji huanza kwa pande mbili. Wakati wa masika maji ya ardhini huingia na kulijaza bomba. Wakati wa kiangazi maji najisi hutoka na kwenda yanakotaka. Katika ardhi ya Unguja na Pemba yenye mawe ya matumbawe, ambayo yana matundu na mianya mingi, hayana safari ndefu kufika kisimani. Visiwa hivi vimepambana na kipindupindu mara kadhaa tangu mwaka 1978, na mripuko wa miaka ya 2015 na 2016 haujasahauliwa. Chemba inayovuja si sababu pekee ya maradhi hayo, lakini ni sababu inayoweza kuondolewa kwa kazi ya mikono.

Chemba ya karakanani huundwa kwa pete. Nondo hupangwa ndani ya kalibu ya chuma, zege humiminwa na kutikiswa kwa mashine ili lisibaki na mapovu, kisha pete huachwa kivulini ikinyeshewa maji kwa siku zisizopungua saba. Vipande vya zege lile lile huwekwa kando na kuvunjwa kwa mashine siku ya 28 ili nguvu yake ijulikane. Kila pete ina mdomo unaokaa juu ya mdomo wa mwenzake, na kati yao huwekwa mpira wa kuzibia.

Faida kubwa iko hapo. Pete yenye ufa, au yenye nondo iliyochomoza, huonekana mchana kweupe na hurudishwa ilikotoka. Ukuta uliojengwa ndani ya shimo hauna pa kurudishwa. Kwa hivyo afisa anayesaini hati ya kupokea kazi anapaswa kuziona pete kabla hazijashushwa, na kuomba chemba ijazwe maji na kupimwa kabla udongo haujarejeshwa. Saini inayotiwa baada ya kufukia ni saini juu ya jambo ambalo mwenye kalamu hakuliona.

Hata hivyo, zege ni moja na ardhi ni mbalimbali. Hapa inafaa kutolewa mfano wa mbali kidogo, Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima katika Mkoa wa Simiyu, kwa sababu michoro ya chemba mara nyingi hunakiliwa kutoka mradi mmoja hadi mwingine bila ya kuulizwa ardhi ikoje. Simiyu ni mkoa uliotangazwa mwaka 2012, na wilaya zake tano, yaani Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, zimo katika mpango wa maji ya Ziwa Victoria uliopitishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017 kupitia Benki ya Maendeleo ya Ujerumani, KfW. Mabomba ya maji safi nayo huhitaji chemba, kwa ajili ya valvu, kutolea hewa na kusafishia bomba. Tena maji safi yanapoingia mjini, maji machafu hayakawii kufuata.

Wasukuma wana majina ya udongo wao: luseni ni ule wa kichanga wa miinukoni, na mbuga ni ule mweusi mzito wa mabondeni. Mbuga hunywa maji ya mvua ukavimba, na kiangazi hunywea ukapasuka nyufa pana. Ukuta wa matofali uliosimama ndani yake husukumwa na kuachiwa, kusukumwa na kuachiwa, mpaka unachanika. Pete zenye mpira katikati huvumilia zaidi kwa kuwa zinaweza kucheza kidogo bila ya kufunguka. Lakini nazo hazijitoshelezi. Mafundi hutakiwa kuzizungushia mchanga au changarawe badala ya kuurudisha udongo ule ule mweusi, na kuunga bomba kwa vipande vifupi karibu na ukuta wa chemba, ili ardhi ikitembea kiungo kijikunje na bomba lisivunjike.

Pwani ya Unguja ina taabu iliyo kinyume na hiyo. Pete yenye kipenyo cha ndani cha mita 1.2, unene wa sentimita 10 na kimo cha nusu mita ina uzito wa karibu kilo 490. Pete sita, yaani chemba ya kina cha mita tatu, zina uzito usiofika tani tatu. Maji ya ardhini yakipanda hadi juu, huisukuma chemba hiyo tupu kwa nguvu ya tani 4.6. Kwa lugha nyepesi, chemba huelea kama ngalawa. Dawa yake ni kitako kipana kinachotokeza nje ya pete, ili udongo uliorejeshwa ukae juu yake na kuishikilia. Chumvi nayo hula nondo, kwa hivyo zege linaloifunika lisifanywe jembamba kwa ajili ya kubana saruji.

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, mashine ya kunyanyulia pete ya kilo 490 haina pa kupita. Huko chemba itaendelea kujengwa papo hapo, na ndiko usimamizi wa karibu unakohitajika zaidi. Upande wa Ng'ambo, ambako mitaro mikubwa ya maji ya mvua ilijengwa chini ya Mradi wa Huduma za Jamii Mijini ulioanza mwaka 2011, nafasi si haba.

Yamebaki mawili yanayogusa roho za watu. Kwanza, chemba ya maji machafu huzalisha hewa yenye harufu ya yai bovu. Hewa hiyo ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa, hivyo kutosikia harufu si dalili ya usalama. Mtu asiingie peke yake, wala asiingie kabla vifuniko vya chemba za jirani havijafunguliwa na hewa kupimwa kwa chombo chake. Mwenzake akianguka, asimfuate chini bila ya kamba na chombo cha kupumulia. Wengi waliokufa katika chemba duniani walikuwa wakiokoa.

Pili, vifuniko. Cha chuma huibiwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Cha zege hakina mnunuzi, ingawa wako wanaokivunja kwa ajili ya vipande vya nondo. Katika barabara ya magari kifuniko kiwe cha kuhimili tani 40, na si kile cha uani kilichohamishiwa barabarani. Mkaazi anayeona chemba iko wazi aweke alama inayoonekana usiku, asiondoke hapo iwapo kuna watoto karibu, na ampelekee habari Sheha siku hiyo hiyo, akitaja mtaa na nyumba iliyo jirani.