Hadaa Katika Matangazo ya Biashara Mitandaoni

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyehalalisha biashara na kuharamisha dhuluma. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyeitwa Mwaminifu na watu wa Makka kabla hajapewa utume, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, alitujia mama mmoja mjane akaomba kusema nasi faragha. Mama huyu alikuwa na cherehani alichoachiwa na marehemu mumewe, na haja ilipombana akaamua kukiuza. Kijana wa jirani, mwanafunzi, alimsaidia kukipiga picha na kukitangaza katika ukurasa wa matangazo ya bure mtandaoni. Jioni ile ile akapigiwa simu na mtu mwenye lugha tamu. Alimwamkia kwa salamu yetu ya Kiislamu, akamwita mama, wala hakuomba apunguziwe hata shilingi moja. Akasema yuko safarini, basi atatuma fedha kwa simu, na kijana wa bodaboda atafika kuuchukua mzigo. Haukupita muda, ukaingia ujumbe wa kusema kuwa fedha zimepokewa. Mama akakifunga cherehani chake kwa kanga kisiingie vumbi, akamkabidhi kijana. Asubuhi yake alipokwenda kwa wakala kutoa fedha, akaambiwa hamna kitu. Ujumbe ule haukutoka kwa kampuni ya simu. Uliandikwa na mtu kwa mkono wake na kutumwa kutoka namba ya kawaida.

Sisi tulidhani atatuuliza njia ya kukipata cherehani chake. Hakuuliza hilo. Alituuliza kama kumshitaki mtu yule si kuvunja sitara ya Mwislamu mwenziwe, na kama si bora amwachie Mungu. Kisha akatusihi tusiwaambie watoto wake. Swali la mama huyu ndilo lililotufanya tuichague maudhui hii kwa khutba ya leo, kwa sababu twajua ya kwamba wako wengi waliotapeliwa wakanyamaza kwa fikra kama yake, na kimya chao ndicho kichaka anachojifichia tapeli.

Enyi waumini! Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akaliona fungu la nafaka. Akautia mkono wake ndani ya fungu lile, vidole vyake vikakuta umajimaji. Alipomuuliza mwenye mali, akajibiwa kuwa ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamuuliza mbona basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Kisha akatangaza kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Wengi wetu twaijua hukumu hiyo, bali hatuuzingatii ule mkono. Mtume hakutosheka na nafaka kavu iliyokuwa juu. Alichunguza. Na picha ya kwenye simu, ndugu zetu, ni ile nafaka ya juu, nawe huna pa kuutia mkono wako mpaka ufike mahali bidhaa ilipo.

Hatusemi kuwa soko la mtandaoni ni haramu. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza Kenya mwaka 2007, na hapa Tanzania mwaka 2008, watu wengi wamepata riziki ya halali kwa njia hiyo, na mkulima aliyeko mbali hana haja tena ya kusafiri na fedha kiunoni. Wala kulipa kabla ya kupokea si jambo geni katika sheria yetu. Mtume alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla ya mavuno. Hakuwakataza, bali aliwaamrisha kipimo kiwe kinajulikana, uzani ujulikane na muda ujulikane. Wanazuoni huiita biashara hiyo salam. Na alimkataza sahaba wake Hakim bin Hizam asiuze kitu asicho nacho. Sasa tazameni tangazo la mtu asiyetaja alipo, anayeuza pikipiki asiyokuwa nayo, kwa picha aliyoiiba kwa mwingine, na anataka alipwe leo kabla jua halijazama. Sharti gani la sheria limesalia hapo?

Alama za matangazo hayo si ngumu kuzitambua kwa mwenye kutulia. Bei huwa chini mno kuliko ya soko zima, na mwuzaji hutoa sababu ya huruma: anahama nchi, anauguliwa, au gari limekwama bandarini na linataka ushuru tu. Hukuharakisha, akisema yupo mteja mwingine njiani. Hukimbia kuonana nawe. Na kila ukitaka kuiona mali, hutokea kijigharama kidogo cha kulipia kwanza.

Hapa twawausia hasa wanafunzi wanaotafuta vyumba karibu na vyuo. Ni desturi ya mijini kwetu dalali kutoza fedha ya kukuzungusha, na desturi hiyo imewafungulia mlango wezi. Hupiga picha chumba cha watu, au huichukua picha ya nyumba ya mji mwingine kabisa, wakakitangaza kwa kodi nafuu, kisha wakawadai wanafunzi kumi au ishirini kila mmoja kianzio cha kukishikilia chumba kile kile. Mwanafunzi hushuka stendi na begi lake, akaipiga namba, namba haipatikani. Kijana wetu, usilipe kodi ya nyumba ambayo hujakanyaga sakafu yake, wala hujamsikia jirani wa pale akimtaja mwenye nyumba kwa jina. Kama huwezi kusafiri, yuko ndugu, yuko rafiki, uko msikiti wa mtaa huo, waombe wakakuangalizie. Vivyo hivyo kwa matangazo ya kazi: mwajiri wa kweli hatozi ada ya fomu kwa namba ya simu ya mtu.

Liko na jambo jingine ambalo wengi huliona dogo. Chini ya tangazo la tapeli utakuta maneno ya watu wanaoshukuru, huyu asema mzigo umefika salama, yule asema mwuzaji ni mwaminifu. Mara nyingi watu hao ni yeye mwenyewe kwa majina mbalimbali, au ni wenzake. Mtume wetu alikwisha likataza jambo hilo kabla halijazaliwa kwa sura hii, alipokataza najsh, yaani mtu kujitia kuitaka bidhaa na kupandisha bei ilhali hanunui, ili amdanganye mnunuzi wa kweli. Basi yule kijana anayepewa vocha ili aandike sifa za duka asilolijua, na adhani amefanya mzaha, ajue kuwa ameingia katika katazo hilo.

Kwa upande wa anayeuza, kama alivyokuwa mama yetu, kinga ni moja: usiusome ujumbe, tazama salio. Ujumbe wa kweli hutokea katika simu kwa jina la huduma yenyewe, lakini hata hilo lisikutosheleze; ingia katika akaunti yako uone kama fedha zimeongezeka, ndipo uachie mali. Akikuambia amekosea, ametuma zaidi, umrudishie kilichozidi, tazama salio kwanza. Namba yako ya siri, na zile tarakimu zinazoletwa kwa ujumbe ili kuthibitisha kuwa ni wewe, asiambiwe mnunuzi, wala mtu anayejiita mfanyakazi wa kampuni. Na ule ujumbe maarufu unaosema ile hela tuma kwa namba hii, ambao sasa umekuwa kichekesho vijiweni, bado wapo wanaoupokea saa ile ile walipokuwa wakitaka kumtumia mtu fedha, wakatuma.

Sasa turejee katika swali la mama. Je, kumripoti tapeli ni kusengenya? Imamu Nawawi, katika kitabu chake Riyadh al-Salihin, ametaja mambo sita yanayomruhusu mtu kumsema mwenziwe kwa baya, na la kwanza ni mwenye kudhulumiwa kupeleka mashitaka yake kwa mwenye mamlaka. Akataja pia kuwatahadharisha Waislamu na shari. Sitara ni kwa aliyeteleza akajificha na aibu yake. Anayeamka kila asubuhi kutafuta mjane mwingine huyo hajateleza. Na Mtume alituamrisha tumsaidie ndugu yetu akiwa amedhulumiwa au akiwa dhalimu. Masahaba walipouliza atasaidiwaje dhalimu, akawajibu kuwa ni kwa kumzuia na dhuluma yake. Ama kumwachia Mungu ni baada ya mja kutimiza lililo katika uwezo wake.

Basi lililo katika uwezo wetu ni hili. Usifute ujumbe kwa hasira, wala usilifute tangazo. Hifadhi namba, jina lililojitokeza, saa, na namba ya muamala. Kama umetuma fedha, ipigie huduma kwa wateja ya kampuni yako saa hiyo hiyo, kwani fedha ambayo bado haijatolewa kwa wakala yaweza kuzuiwa, na ikishatolewa ni vigumu. Namba ya tapeli ipeleke 15040, ambayo hapa Tanzania imewekwa kwa ajili hiyo; ndugu zetu wa Kenya wanaotumia Safaricom wana 333. Tangazo lenyewe lishitaki kwa wenye ukurasa, wapo waliowekewa kazi ya kuyaondoa. Kisha nenda kituo cha polisi, ukaandikishe na upewe namba ya RB. Tanzania inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015, na udanganyifu wa namna hii umo ndani yake. Usione haya kwa kuwa fedha ni kidogo. Malalamiko kumi ya fedha kidogo juu ya namba moja hulitia jambo uzito.

Lakini tahadhari, ndugu zetu, na upande wa pili. Qurani imetuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuishika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua tukabaki na majuto. Usichukue jina lililosajiliwa na laini ile ukamwanika mtu mitandaoni kuwa ni mwizi. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, wako mawakala waovu wanaomwambia mteja aweke kidole mara ya pili, kwamba mashine haikusoma, kumbe wamesajili laini nyingine kwa kitambulisho chake na kuiuza. Mzee wa watu yuko shambani, jina lake linatapeli mjini. Kila mmoja wetu abonyeze *106# atazame ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lake, na asiyoijua aikane.

Neno letu la mwisho ni zito kidogo, nalo ni kwa wazazi. Matapeli hawa hawakuteremka kutoka mawinguni. Wana mama na baba, na wengine twasali nao safu moja. Kijana hana kazi, ana simu tatu, halali usiku, na mwisho wa mwezi analeta gunia la mchele na kulipa umeme. Baba haulizi. Mama asema mwanangu Mungu kamfungulia. Ewe mzazi, muulize mwanao fedha hii yatoka wapi, na umuulize leo. Mtume wetu alimtaja msafiri aliyetimka nywele, amejaa vumbi, anainua mikono mbinguni akimwita Mola wake, ilhali chakula chake ni haramu, kinywaji chake ni haramu na vazi lake ni haramu. Akauliza, vipi atajibiwa mtu huyo? Na wewe kijana, kama unatusikia, toba ya mali ya watu haitimii kwa istighfari peke yake. Sharti mali irudi. Namba zao unazo. Simu iliyoipokea fedha ndiyo hiyo hiyo iwezayo kuirudisha.

Mama yule tulimsindikiza kituoni siku ya Jumatatu, na watoto wake amekwisha waambia mwenyewe. Cherehani hakijapatikana bado.

Ewe Mola wetu, mrudishie mja wako haki yake, uulainishe moyo wa aliyeichukua, na utukinge sisi na watoto wetu tusile jasho la watu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.