Njia Ukiichapisha, Si Yako Peke Yako Tena

Hotuba ya afisa wa michezo wa kaunti kwa wanariadha, makocha, waongoza watalii na wakazi waliokutana mjini Iten. Tumeichapisha kwa manufaa ya wakazi wote.



Wengi wenu mmetoka mazoezini moja kwa moja, na naona saa mikononi. Hiyo saa ndiyo mada yangu leo. Sitawaambia muivue. Nataka tu kila mmoja wetu ajue inaandika nini, na maandishi hayo yanaishia wapi.

Saa hiyo, au simu yako, hupokea ishara kutoka kwa setelaiti za GPS, mfumo unaoendeshwa na Marekani. Kila baada ya sekunde moja au chache huandika mambo manne: latitudo, longitudo, mwinuko na wakati. Ukiunganisha nukta hizo, unapata mstari unaoonyesha ulikopita. Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga ishara zinazotumiwa na raia, usahihi umeongezeka sana. Simu ya kawaida mahali palipo wazi hukosea kwa takriban mita 5. Chini ya miti mikubwa au kando ya jabali, hukosea zaidi.

Mstari huo ukiupakia kwenye tovuti, mtu mwingine anaweza kuupakua na kuufuata. Hapo kuna faida kubwa kwetu. Mgeni anayefika kwenye lango letu la makao ya mabingwa anaweza kupata njia ya kilomita 10 bila kupotea. Wanaoruka kwa parachuti kutoka ukingo wa Bonde la Kerio hushirikiana rekodi zao ili wajue hewa yenye joto hupandia wapi. Ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, inamruhusu mtu yeyote kuongeza njia anayoijua. Kijana wa hapa anaweza kuweka kwenye ramani njia ya miguu ambayo haijawahi kuchorwa popote.

Sasa kuna jambo jipya zaidi. Unaelekeza kamera ya simu ng'ambo ya bonde, na juu ya picha unaona jina la kila kilele cha Milima ya Tugen. Programu nyingine huchora njia yenyewe juu ya picha ya ardhi iliyo mbele yako. Wataalamu huuita uhalisia ulioongezwa. Kwa mwongoza watalii, hicho ni kifaa kizuri cha kusimulia eneo letu. Lakini simu haioni ukingo. Inakisia kwa kutumia setelaiti, dira na kamera, na dira huvurugwa na chuma au sumaku iliyo karibu. Hapa Iten tuko karibu mita 2,400 juu ya bahari, na sakafu ya bonde iko zaidi ya mita 1,000 chini yetu. Kwa hiyo kanuni ni moja: simama kwanza, ndipo utazame simu. Ukitaka kutembea, iweke mfukoni.

Kumbukeni pia kwamba mstari ni habari ya siku ulipoandikwa. Aprili 2020 maporomoko yaliharibu kituo cha biashara cha Chesegon, mpakani mwetu na Pokot Magharibi. Rekodi ya njia iliyopita hapo Machi ingekuwa bado inasomeka vizuri kwenye simu, ilhali ardhi yenyewe imebadilika. Msimu wa mvua, muulize mkazi kabla ya kuuamini mstari.

Nije kwenye jambo lililonifanya niombe nafasi hii. Binti mmoja anayefanya mazoezi hapa alinijia ofisini. Kila asubuhi saa kumi na mbili alikuwa akikimbia, na kila jioni akichapisha mbio zake ili marafiki wampongeze. Baada ya muda, mwanamume asiyemjua akawa anamngoja kwenye kona ileile. Siku moja akamtajia nyumba anakokaa. Hakuna aliyemwambia. Mistari yote ya binti yule ilianzia na kuishia kwenye lango moja.

Msidhani ni mtu mmoja tu aliyeteleza. Novemba 2017 kampuni ya Strava ilichapisha ramani ya dunia yenye mistari inayong'aa mahali watu wanapokimbia na kuendesha baiskeli. Haikuwa na jina la mtu. Hata hivyo, Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia alionyesha kwamba mistari hiyo ilichora kambi za kijeshi katika nchi kama Syria na Afghanistan. Ikiwa wanajeshi walijianika bila kujua, sisi je?

Kwa hiyo nawaomba mfanye haya.

Kwanza, fungueni mipangilio ya programu na mfiche mwanzo na mwisho wa mbio. Programu nyingi zina nafasi hiyo.

Pili, amueni ni nani anayeona. Marafiki mnaowajua wanatosha. Chapisheni mkisharudi nyumbani, na msitangaze kwa umma mahali mlipo mkiwa bado njiani. Anayehitaji kujua hilo ni kocha au mtu wa familia.

Tatu, mkikimbia kila siku, badilisheni njia na saa.

Nne, njia ikipita kwenye shamba la mtu, mwombeni ruhusa kabla ya kuichapisha. Mzee aliyekuruhusu wewe kukatiza kwenye viazi vyake hakuwaruhusu watu mia moja watakaofuata mstari wako.

Tano, mkishuka bondeni, pakueni ramani mapema. Simu hupata ishara ya setelaiti hata pasipo na mtandao, lakini ramani isiyopakuliwa haitaonekana. Bebeni maji, na mwacheni ujumbe wa njia mnayofuata. Dharura ikitokea, nambari ni 999 au 112.

Wakazi, Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yenu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawapa haki ya kuomba taarifa zenu zirekebishwe au zifutwe. Kampuni ikikataa, malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mtu akikufuata au kukutisha, usingoje. Nenda kituo cha polisi, au mwone chifu akusaidie kufika huko.

Yule binti bado anakimbia. Alifuta rekodi zake za zamani, akabadilisha njia, na sasa hatoki peke yake. Wenzake wanne humpitia alfajiri. Wazee na makocha, hiyo ndiyo kazi ninayowaachia: msimwambie msichana aache kukimbia. Hakikisheni ana wenzake, na mkiona mgeni anangoja konani kila siku, muulizeni anamngoja nani.

Aliye na simu na hajui pa kubonyeza, nitabaki hapa tuifungue pamoja.