Vipande Vilivyosalia



Asubuhi ya leo tuwaze juu ya kitu kidogo kilicho jikoni mwetu: vumbi la mkaa linalobaki chini ya gunia.

Katika Yohana sura ya 6 twasoma jinsi watu 5,000 walivyoshiba. Mikate mitano na samaki wawili vilitoka kwa mtoto. Naye Bwana, aliyeweza kuzidisha mkate apendavyo, aliwaagiza wanafunzi wake waokote makombo. Vikajaa vikapu 12.

Huku kwetu Kericho na Bomet, mvua inayostawisha chai huleta baridi pia, na jiko halipumziki. Kuni zinazidi kuwa mbali. Mtoto anayetumwa kuni jioni hurudi amechoka, na daftari lake halifunguliwi.

Kwa hiyo Jumamosi moja tuliwakusanya watoto wa Shule ya Jumapili. Walichekecha vumbi la mkaa, wakatia udongo wa mfinyanzi kidogo na maji, wakafinyanga madonge kama machungwa madogo. Wakayaanika barazani, chini ya paa, mvua ya alasiri isiyafikie. Yalipokauka kabisa tuliyaweka juu ya makaa yaliyokwisha kushika moto. Yaliwaka polepole, sufuria ya maharagwe ikaiva. Mlango tuliuacha wazi, maana hewa ya mkaa huua. Plastiki tuliwakataza wasichome kamwe, kwa kuwa moshi wake ni sumu.

Tukawaeleza pia kwamba samadi ya ng'ombe na mabaki ya chakula, yakichanganywa na maji katika shimo lisiloingiza hewa, hutoa gesi ya kupikia; na kinachobaki ni mbolea.

Ndipo mtoto mmoja akauliza, "Mchungaji, mbona kwenu vumbi la mkaa humwagwa shimoni?"

Tulinyamaza. Alisema kweli. Tuliyofundisha kwa midomo, mikono yetu haikuyatenda. Jioni ile tuliweka debe kando ya mlango wa jikoni, na hata leo lipo.

Ndugu zangu, jambo hili si geni. Wazee wa Kipsigis hawakudharau mkaa. Kwa mkaa wa mti wa senetwet walitengeneza vibuyu vya mursik. Sisi ndio tuliosahau. Watoto wetu hawajifunzi kwa mahubiri tu. Hutazama tunachotupa na tunachookota. Tena wanatazama jinsi tunavyowatendea watu: mlevi, mjane, kijana aliyefukuzwa shule. Mungu, aliyemuumba mtu kwa mavumbi, hamtupi mtu.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa yale tuliyotupa bure. Utupe mikono inayokusanya, na maisha ambayo watoto wetu wanaweza kuyafuata pasipo kujikwaa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.