Nyuki Hutii Amri ya Nani?



Mara nyingi tunapohimizana kazini twaambiwa tuwaige nyuki, kwa kuwa hutii amri wala hawaulizi. Naomba ruhusa kuyapinga maneno hayo.

Malkia hamtumi nyuki hata mmoja mauani. Kazi yake ni kutaga mayai. Mwenye kuleta habari ni mtumishi mwenyewe arudiye na chakula. Karl von Frisch, mtaalamu wa Austria aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, ndiye aliyefumbua maana ya ngoma yake. Nyuki huyo hucheza gizani juu ya sega, akienda mstari mmoja huku akitikisa tumbo. Akipanda wima, maua yako upande wa jua. Akiinamia kuume, maua yako kuume kwa jua kwa kadiri ile ile. Kutikisa kwa sekunde moja ni kama kilometa moja ya safari. Jua likisogea, naye huigeuza ngoma. Sijapata kuona waraka ulio mfupi namna hiyo.

Je, watazamao huondoka mara moja kuifuata? La. Nyuki aliyekwisha kupata maua yake huikumbuka njia, rangi, harufu, hata saa: Ingeborg Beling alionyesha mwaka 1929 kuwa nyuki waliozoezwa kulishwa saa fulani hurudi saa ile ile. Basi akinusa kwa mchezaji harufu aijuayo, mara nyingi hurudi kwenye maua yake mwenyewe, ijapokuwa ameelekezwa kwingine. Kama karani asomaye kichwa cha barua tu, kisha akaenda kufungua jalada lake la zamani. Wala si ukaidi. Ngoma huelekeza kwa kukisia, na aifuataye huenda akatoka mara kadhaa asione kitu. Wanaoihitaji hasa ni wageni wa kazi, na wale ambao maua yao yamekwisha.

Sisimizi weusi wa bustani za Ulaya nao huacha harufu njiani ili wenzao wafuate. Lakini mwaka 2011 wachunguzi walipoitia harufu hiyo katika njia panda, upande usio na chakula, wale waliokwisha kuizoea njia yao waliiacha harufu wakafuata kumbukumbu. Harufu na kumbukumbu zikipatana, sisimizi hutembea upesi zaidi.