Oili ya Pikipiki Wakati wa Baridi: Maneno ya Katibu Mkutanoni

Ndugu wanachama,

Haya niliyasema mkutanoni. Nayaandika tena hapa kwa wale waliokuwa shambani.

Mnaukumbuka usiku ule wa Julai mwaka jana. Umande umeganda mweupe juu ya majani, kama Makete yetu inavyojua. Mama ameshikwa na uchungu, pikipiki ya Ushirika inapigwa kiki, haiwaki. Vijana wakaisukuma mpaka mteremkoni ndipo ikakubali. Mtoto yupo, mzima. Lakini ilikuwa bado kidogo tu!

Lawama zote tulimtupia dereva. Kumbe kosa ni la Kamati, na mimi nikiwemo. Tulinunua oili ya SAE 50, ati kwa kuwa nzito ndiyo inayotunza injini. Oili ile ikipata baridi inakuwa kama asali ya asubuhi. Kiki inakuwa ngumu, injini haizunguki kwa kasi ya kutosha kuwaka. Na ikiwaka, oili inachelewa kufika juu, vyuma vinasagana vikavu.

Sasa, sisi tuliopita kwenye kisomo tusome kopo. Mkiona 10W-40, ile W ni alama ya baridi. Namba iliyo mbele yake ikiwa ndogo, oili inabaki nyepesi asubuhi. Namba ya nyuma inaonyesha uzito wake injini ikishachemka. Kwa hiyo 10W-40 inawahi kuliko 20W-50, na injini ikichemka bado inalinda. Ile 20W-50 si mbaya, kwa baridi yetu inawasha, ila mguu utachoka. SAE 40 na SAE 50 zisizo na W, hapa kwetu hapana. Kitabu cha pikipiki kikitaja namba yake, fuateni kitabu.

Tafuteni pia maneno JASO MA. Pikipiki zetu nyingi klachi inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo ya injini. Ukitia oili nyepesi ya gari iliyotengenezwa kubana matumizi ya petroli, klachi inateleza. Unapanda mlima injini inalia tu, gurudumu halina nguvu.

Wapo wanaochanganya mafuta ya taa ili oili iwe nyepesi. Acheni kabisa, wanangu, mnaua injini. Na yule aliyeweka jiko la mkaa chini ya injini, simtaji, anajijua. Juu yake kuna tangi la petroli!

Asubuhi vuta choki, piga kiki, ikiwaka iache ingurume taratibu kama dakika moja. Usivute moto papo hapo. Ikikataa hata na oili nzuri, tazama plagi kwanza.

Kamati imeshanunua 10W-40, ipo ofisini. Jumamosi dereva atamwaga ile ya zamani injini ikiwa moto. Anayetaka kujifunza aje saa tatu asubuhi, na aje na kopo la kukingia oili chafu, isimwagwe mtoni.

Katibu