Tusisubiri Macho Yajinyooshe Yenyewe

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika na wafadhili)



Leo naomba tuzungumze juu ya makengeza kwa watoto wachanga na wadogo.

Wazazi wengi huambiwa, "Mwacheni, akikua yatanyooka." Kwa mtoto wa wiki chache ni kweli macho huweza kupishana mara moja moja. Lakini akishapita miezi 4 na jicho bado linakwenda pembeni, asisubiri. Ubongo ukipokea picha mbili zisizolingana, huipuuza ile ya jicho lililopinda, na jicho hilo hudhoofika. Likitibiwa mapema, hasa kabla ya miaka 7, matumaini ni makubwa. Baadaye ni vigumu.

Kuangalia ni rahisi. Mama ampakate mtoto. Mhudumu ashike tochi ndogo yenye mwanga hafifu, umbali wa mkono mmoja, mtoto aitazame. Nukta ya mwanga itaonekana katika kila jicho. Ikiwa mahali pamoja kwa macho yote mawili, yamelingana, hata kama upana wa pua unayafanya yaonekane yamepinda. Ikiwa katika jicho moja iko katikati na katika jingine iko pembeni, mtoto aende hospitali. Kisha afunike jicho moja kwa kiganja bila kuligusa, atazame lile lililo wazi. Likihama ili kuitafuta tochi, hiyo nayo ni dalili. Na mtoto akilia kila linapofunikwa jicho lilelile, huenda la pili halioni vizuri.

Dalili moja haingoji hata kidogo: weupe ndani ya mboni. Huweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho, ambayo huua isipotibiwa. Makengeza nayo huweza kuwa dalili ya saratani hiyo.

Matibabu yapo: miwani, kufunika jicho lenye nguvu ili lile dhaifu lifanye kazi, au upasuaji. Hospitali kama KCMC Moshi na CCBRT Dar es Salaam hutibu macho ya watoto. Kinachokwamisha mara nyingi ni safari. Mama anayo barua ya rufaa, lakini hana nauli, wala mtu wa kumwachia watoto wengine, na atatakiwa kurudi tena na tena.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, watoto wanapoandikishwa kwa ubatizo, mhudumu wa afya wa usharika awaangalie macho. Pili, kila kamati itenge fungu la nauli, hata kama ni dogo. Tatu, wafadhili wetu mtusaidie pale fungu hilo linapoishia. Nauli ya kurudi kliniki ina thamani sawa na kifaa cha hospitali.

Na tuache kuwaita watoto "kengeza." Hii si laana wala aibu. Ni ugonjwa, na una dawa ukiwahiwa.