Usimwambie Anyamaze

Somo: 2 Samweli 13:1-22

 

Somo letu la leo ni zito, nasi wahubiri mara nyingi hulipita. Ni habari ya Tamari, binti wa mfalme Daudi. Amnoni, ndugu yake kwa baba, alijifanya mgonjwa, akaomba Tamari aje ampikie. Binti akaenda kwa moyo mweupe. Amnoni akamshika kwa nguvu, akamnajisi ijapokuwa alimsihi sana. Kisha akamchukia, akaamuru atolewe nje na mlango ufungwe nyuma yake.

Tamari hakuficha. Alijitia majivu kichwani, akararua vazi lake, akaenda zake akilia. Lakini angalieni jinsi alivyopokewa. Absalomu, ndugu yake, alimwambia anyamaze, kwa sababu aliyemtenda ni ndugu. Mfalme Daudi alikasirika sana, na hasira yake ikaishia hapo. Tamari akakaa ukiwani katika nyumba ya nduguye.

Wapenzi, neno hilo la Absalomu nimewahi kulisema mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja mjamzito alinijia baada ya ibada. Alikuwa amepimwa kliniki, akaonekana ana virusi vya UKIMWI, akapewa dawa. Mumewe alipojua alimpiga, akazitupa dawa chooni, akasema kwamba mke ndiye aliyeleta ugonjwa nyumbani. Nami mchungaji wake nilimwombea, nikamwambia, "Mama, rudi nyumbani uvumilie. Mambo ya nyumbani usiyatoe nje." Nilidhani naihifadhi ndoa. Kumbe nilimrudisha mahali asipoweza kumeza dawa, naye ana mtoto tumboni.

Sikilizeni nilichojifunza baadaye. Virusi huweza kumfikia mtoto kwa njia tatu: akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, na katika kunyonya. Pasipo matibabu yoyote, katika watoto 100 wa akina mama wenye virusi, kati ya 15 na 45 huweza kuambukizwa. Lakini mama akimeza dawa zake kila siku, virusi hupungua sana mwilini mwake. Mtoto naye akapewa dawa yake baada ya kuzaliwa, na kunyonyeshwa maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, hesabu hiyo hushuka chini ya watoto 5 katika 100. Hiyo ni neema ya Mungu iliyowekwa katika mikono ya wauguzi wetu. Lakini dawa ni ya kila siku. Mwanamke anayepigwa kwa sababu ya dawa ataificha, ataiacha siku mbili, ataogopa hata kwenda kliniki. Hivyo ngumi ya baba humfikia mtoto kabla hajazaliwa.

Nanyi akina baba, kliniki humpima mama kwa sababu ana mimba. Kupimwa kwanza hakumaanishi kwamba ndiye aliyeleta ugonjwa. Nenda naye, upimwe na wewe.

Basi yule mama alipata wapi msaada? Si kwangu. Mjane mmoja mzee, wa Umoja wa Akina Mama, alimwona ana alama usoni. Hakumhubiria. Alimpa chumba, akaenda naye kliniki kuchukua dawa nyingine, na akafuatana naye mpaka kwa chifu kueleza yaliyotendeka. Mtoto alizaliwa, alipopimwa wiki ya sita hakuwa na virusi, na kipimo cha mwisho baada ya kuacha kunyonya kilisema vivyo hivyo. Mimi ndimi niliyembatiza. Nilipommwagia maji kichwani, yule mjane amesimama kando yangu, niliona haya, nikamshukuru Mungu.

Liko na jambo la haraka. Mtu akinajisiwa, awe mwanamke, mtoto au mwanamume, apelekwe hospitali mara moja. Ziko dawa za kuzuia virusi, lakini sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora. Humezwa siku 28. Asioge kwanza wala asifue nguo alizovaa, kwa maana hizo ni ushahidi. Matibabu yasingojee polisi. Aanze kutibiwa, kisha polisi wajulishwe. Simu ya bure ya kuomba msaada ni 1195. Na ninyi wazee wa kanisa, msiketi na jamaa kumaliza neno hilo kwa mbuzi. Tangu 2006 Kenya inayo Sheria ya Makosa ya Kingono, na saa hizo 72 hazingojei baraza lenu.

Ndugu zangu, Daudi alikuwa na hasira ya haki, lakini Tamari hakuhitaji hasira. Alihitaji mtu wa kumfungulia mlango. Juma hili huenda mtu akaja kwako amejitia majivu kwa namna yake: kitambaa kimeshushwa usoni, au binti ameacha ghafula kuimba kwaya. Usimwambie anyamaze. Mwamini, mkaribishe, ufuatane naye.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyemsikia Hajiri akilia jangwani, utusamehe sisi tuliowanyamazisha watoto wako. Uwaponye waliojeruhiwa, uwalinde akina mama na watoto walio tumboni, uwageuze wanaopiga, na nyumba zetu uzifanye mahali pa kukimbilia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.